Ukurasa Usiofungwa Mpaka Jioni

Saa sita na robo mchana foleni ya kituo cha afya ilikuwa imekwishafika mlango wa choo, na mtu akikuta foleni imefika chooni hahitaji kuambiwa kwamba leo ni ile siku. Si kwamba jana haikuwa. Kwa wiki tano sasa kila siku ilikuwa ile siku. Asubuhi mambo yalikwenda vizuri, lakini jua likipanda kompyuta za mapokezi zilianza kulegea, na ikifika adhuhuri karani aliandika namba ya mgonjwa, akabonyeza, akakunja mikono, na kioo kikamjibu kwa maneno mawili: Tafadhali subiri.

"Nisubiri mpaka lini?" aliuliza mwanamke aliyekuwa mbele kabisa, mtoto wa miaka miwili amemlalia begani. "Mtoto anachemka huyu."

"Si mimi, mama. Ni mashine," alisema karani.

"Na mashine yenyewe haina mwenyewe?"

Ilikuwa naye. Mzee mmoja kwenye benchi alionyesha kwa kidevu upande wa kijichumba cha pembeni, ambako mwanamke wa miaka thelathini na kitu alikuwa ameinamia kibodi. "Yule pale. Bi Subiri." Benchi zima likacheka, kicheko cha watu wenye njaa. Jina lile walimpa wagonjwa wenyewe, wakimtania kwa yale maneno ya kwenye kioo, na sasa hata wauguzi walimwita hivyo mbele yake. Alikuwa akitabasamu kila alipoitwa. Lilimuuma kila alipoitwa.

Kadi ya mtoto haikuwa imefunguka bado alipoanza kutetemeka. Macho yakageuka, mikono ikakakamaa, mama yake akapiga yowe moja tu, muuguzi akamnyakua mtoto na kukimbia naye ndani bila kadi. Bi Subiri alitoka kijichumbani akasimama mlangoni, hana la kufanya. Akasikia sauti ya yule mama kule ndani: "Sindano hiyo hapana, dada. Ilimvimbisha koo mara ya mwisho. Mliandika wenyewe kwenye kadi yake." Muuguzi alikuwa ameshaivuta dawa. Akaitupa, akachukua nyingine, na mtoto akatulia.

Mtoto alipona. Lakini Bi Subiri alirudi kitini, akaingoja kadi yake. Kadi ilifunguka baada ya dakika sita. Onyo la ile dawa lilikuwa pale juu kabisa, kwa herufi nyekundu, kama alivyolipanga yeye mwenyewe.

Mganga mkuu alimwita saa tisa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na kuchoka kwa mkubwa humwangukia mdogo.

"Kaa. Umesikia habari ya mtoto?"

"Nilikuwepo, daktari."

"Basi sina haja ya kukueleza. Kamati inakaa Ijumaa saa tisa. Nitapendekeza turudi kwenye makaratasi kuanzia Jumatatu."

"Nipe wiki moja tu. Nimeongeza faharasa ili kadi zitafutwe haraka, nimebadilisha diski, nimepima kila ombi linaloingia kwenye hifadhidata, moja moja..."

"Wiki tano zote umekuwa ukipima." Alisema polepole, bila ukali, na hilo ndilo lililomchoma. "Niliambiwa toka mwanzo: programu ya bure, haina kampuni, haina hata mtu wa kumpigia simu. Nikasema sawa, tunaye binti yetu anaijua. Rahisi ghali, wazee hawakukosea."

Bi Subiri angeweza kumwambia kwamba programu ile inaendesha mambo makubwa kuliko kituo chao, kwamba ni huria, na kila kitu kimo wazi kwa mwenye macho ya kusoma. Lakini tatizo ni kwamba yeye ndiye mwenye macho, na alikuwa hajaona.

"Na mkataba wangu?"

Mganga mkuu akapanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Mkataba wako umeandikwa ni wa mfumo. Sasa mfumo ukiondoka..." Akaiacha sentensi hapo.

Nyumbani walikuwa watatu mezani. Mume wake, fundi wa majokofu, kibanda chake kilibomolewa miezi minne iliyopita kupisha barabara, na tangu hapo alikuwa anatembea na mkoba wa spana nyumba hadi nyumba. Siku nyingine anapata kazi, siku nyingine anapata maji ya kunywa na pole. Mama wa mume wake, ambaye mji mzima walimwita Mama Stoo, ndiye aliyetunza stoo ya dawa ya kituo kilekile. Miaka thelathini na moja, na alikuwa amebakiza miezi mitano kustaafu. Kwa hiyo hesabu ya nyumba ile haikuhitaji kalamu: mkataba wa Bi Subiri ukifutwa, watu watatu watakaa kwenye pensheni ya bibi mmoja.

"Mama, maharage yamekosa chumvi au ni mimi?" alisema mume, kwa kutaka tu pawe na sauti.

"Kula," alisema Mama Stoo. Kisha, bila kumtazama mtu: "Leo wamemzomea mke wako mpaka dirishani kwangu kumesikika. Mimi daftari langu la karatasi halikuwahi kumsubirisha mtu. Nasema tu."

Bi Subiri akainamia sahani. Miaka mitano amekaa na mwanamke huyu, na mpaka leo akiongea naye alichagua maneno kama mtu anayechambua mchele. Angemjibu nini? Mama mkwe hajibiwi, na mama mkwe aliyesema kweli ndiye kabisa.

"Lakini si kila siku ni mbaya," alisema mume. Alikuwa anamtetea, masikini, kwa silaha aliyokuwa nayo. "Alhamisi iliyopita ulirudi unaimba. Ulisema mashine imekwenda siku nzima bila kukwama, ukadhani umeipatia dawa. Unakumbuka? Siku ile mama alipolala na mguu."

Kijiko cha Bi Subiri kilisimama hewani.

Ilikuwa kweli. Alhamisi iliyopita mama mkwe hakwenda kazini kwa sababu ya mguu uliovimba. Alhamisi iliyopita, peke yake katika wiki tano, foleni iliisha saa saba. Alimtazama mama mkwe, aliyekuwa anatoa kijiwe kwenye maharage kwa ukucha, akahisi hofu ambayo hakuwahi kuihisi mbele ya mganga mkuu.

"Una nini?" aliuliza Mama Stoo.

"Hakuna, mama. Kweli yamekosa chumvi."

Alhamisi alikuwa kwenye kijichumba chake kabla ya wafagiaji. Kwa wiki tano alikuwa akitafuta ombi zito, lile linaloihangaisha mashine, kwa sababu ndivyo akili inavyokwenda: nyumba ikiwa na fujo unamtafuta anayepiga kelele. Leo alitafuta aliyenyamaza. Alifungua orodha ya wote walioingia kwenye hifadhidata, akaipanga kwa saa walizoanza shughuli zao, si kwa kazi wanazozifanya. Saa moja na nusu mstari mmoja ukatokea. Kompyuta ya stoo. Imefungua shughuli, imeandika kidogo, imekaa kimya. Saa nne mstari uleule. Saa tano uleule, juu kabisa ya orodha, haufanyi kitu na hauondoki.

Kisha akafungua kumbukumbu za seva. Hifadhidata ile ina desturi yake. Mstari ukibadilishwa, haifuti wa zamani. Inaupiga alama ya kufa na kuandika mpya pembeni, na baadaye hupita mfagizi wa humohumo ndani kuondoa maiti. Bi Subiri alikuwa akihakikisha kila siku kwamba mfagizi amepita. Amepita, ndiyo. Hakuwahi kushuka mpaka mstari wa nne kusoma ameondoka na nini. Leo alishuka: mistari iliyokufa, milioni moja na laki mbili; iliyoondolewa, sifuri; bado kuna anayeweza kuihitaji.

Mfagizi hatupi kitu ambacho mtu aliyeingia asubuhi huenda bado anakiangalia. Na Mama Stoo aliingia kila asubuhi na kufunga kila jioni. Zamani hilo halikuwa na madhara, takataka zilikuwa chache. Lakini wiki tano zilizopita mganga mkuu aliomba kibao cha ukutani kimwonyeshe kila mgonjwa amesubiri dakika ngapi, na Bi Subiri akakitengeneza vizuri sana: kila baada ya sekunde chache mfumo uliandika upya dakika za kila mtu aliyeko kwenye foleni. Kila uandishi maiti moja. Ikifika adhuhuri, ili kumpata mgonjwa mmoja kati ya mia tatu, mashine ilikuwa inapekua makaburi milioni.

Sasa aliijua sababu. Alitakiwa kufurahi, lakini kompyuta ile ilikuwa ya mama mkwe.

Amri ya kuikata kompyuta ya stoo ilikuwa maneno machache tu. Aliyaandika. Kidole kikasimama juu ya kibodi. Nje karani alikuwa ameanza kukunja mikono. Akibonyeza, foleni itatembea, na kila alichoandika Mama Stoo tangu asubuhi kitafutika kana kwamba bibi yule hakuja kazini. Stoo isiyopoteza kidonge kwa miaka thelathini na moja itaonekana imepoteza asubuhi nzima. Na hakuna atakayejua ni nani aliyefanya.

Alifuta yale maneno. Akatoka, akapita katikati ya foleni, mtu akamwambia "Bi Subiri, unatukimbia?", akaenda kugonga mlango wa stoo.

"Hodi, mama."

"Umekuja kuchukua dawa au kujificha?" Mama Stoo alikuwa juu ya kigoda, anapanga maboksi.

"Mama, naomba tufunge ukurasa wako. Sasa hivi."

"Ukurasa unafungwa jioni."

"Najua, mama. Lakini leo..."

"Sijahesabu." Alishuka kwenye kigoda taratibu, mguu mmoja kisha mwingine. "Kitufe kinasema Thibitisha. Nikikibonyeza nimesema nimehesabu rafu na kitabu vikalingana. Mimi sitii sahihi kazi nusu, mkwe. Waliotia wako wapi? Mmoja alitolewa humu humu stoo na pingu, na wala hakuiba. Alisaini kabla ya kuhesabu."

Basi Bi Subiri akamweleza. Alimweleza habari ya mfagizi, kwa Kiswahili cha jikoni, bila neno hata moja la kitaalamu, na jasho likamtoka kuliko siku ya usaili. Mama Stoo alisikiliza mikono kiunoni.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa katikati ya chumba, mfagizi ananizunguka."

"Hakuzunguki, mama. Anasimama mlangoni na ufagio wake, anakusubiri utoke. Anakuheshimu."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

"Wiki tano?"

"Wiki tano."

Mama Stoo akakaa juu ya boksi la majimaji ya dripu. Uso wake, ambao Bi Subiri aliuogopa miaka yote ile, ukawa uso wa mtu mzee tu. "Na mtoto wa jana? Wa degedege?"

"Hata yeye, mama."

Nje mtu alikohoa.

"Umemwambia nani?"

"Nimekuja kwako kwanza."

"Ungeweza kunikata tu toka huko kwako?"

"Ningeweza."

"Na kazi yangu ya asubuhi?"

"Ingepotea yote."

Mama Stoo alimtazama kwa muda, kama anayepima kitambaa. Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu, akamtupia kalamu. "Aina kumi na moja ndizo zimeguswa leo. Mimi nahesabu, wewe unaweka alama. Na usinirukie namba, mimi si mume wako."

Walihesabu dakika ishirini na tano. Vidonge vya homa, pakiti mia moja na arobaini, sawa. Chupa za dawa ya kuhara, tisini na mbili, sawa. Glavu zilipishana na kitabu boksi moja, wakahesabu upya, wakalikuta nyuma ya mlango ambako Mama Stoo mwenyewe alilisogeza asubuhi. Ilipofika ya kumi na moja alikaa mbele ya kompyuta, akavaa miwani, akasoma ukurasa wote juu mpaka chini kwa kunong'ona, na kubonyeza.

Bi Subiri alikuwa kijichumbani kabla kitufe hakijapoa. Alimwita mfagizi kwa mkono, asingoje zamu yake. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Dakika ya pili idadi ya mistari iliyokufa ikaanguka: laki tisa, laki tatu, elfu nne, sifuri. Kule mapokezi karani akabonyeza, akakunja mikono, akaikunjua haraka. "Anayefuata," alisema. Akabonyeza tena. "Anayefuata. Haya, mama, mbona umekaa? Ni wewe."

Watu walisogea kwa wasiwasi. "Kuna mkubwa anakuja kututembelea leo?" aliuliza yule mzee wa benchi.

Jioni ile, kabla ya kufunga ofisi, Bi Subiri aliibadilisha skrini ya stoo: kila dawa inayotoka ithibitishwe palepale, mstari kwa mstari, na hesabu ya rafu iwe na ukurasa wake wa jioni. Dakika za kibao cha ukutani nazo akazipangia zihesabiwe na kibao chenyewe, bila kuandikwa popote. Kazi ya wiki tano za machozi ilimchukua saa moja na nusu.

Ijumaa foleni iliisha saa saba na dakika kumi. Saa tisa alikuwa mbele ya kamati: mganga mkuu, mhasibu, na muuguzi mkuu. Barua ya kusitisha mkataba ilikuwa mezani, imekunjwa, na kila mtu alijitahidi asiitazame.

"Leo mambo yalikwenda," alisema mganga mkuu. "Hata Alhamisi ile nyingine yalikwenda, kisha yakarudi. Nataka kujua kosa lilikuwa la nani. Nahitaji kitu cha kuandika."

Bi Subiri alikuwa amejiandaa. "Kosa ni langu, daktari. Skrini ya stoo niliitengeneza mimi. Nilipoanza kazi nilimwomba mama anieleze daftari la karatasi, akanieleza kwamba hufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni. Nikaifanya kompyuta iende vilevile, nikijua kwamba hifadhidata haipendi kuachwa wazi. Nilitaka kumfurahisha mama mkwe wangu. Na taarifa iliyonieleza tatizo nilikuwa nayo tangu wiki ya kwanza. Sikuisoma mpaka mwisho."

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Mama Stoo aliingia na koti lake jeupe, amelifunga vifungo vyote.

"Anajipakazia," alisema. "Shikamooni wakubwa, marahaba, yaishe. Ukurasa nilikuwa naufungua mimi. Mkono ni wangu. Andika mimi, nimebakiza miezi mitano, mtanifanya nini?"

"Mama, kitufe nilikiweka mimi," alisema Bi Subiri.

"Kitufe hakijibonyezi."

"Ndiyo hilo, mama. Hakikubonyezwa kwa sababu nilikipanga vibaya."

"Unanikatiza?"

"Samahani, mama. Lakini ni kosa langu."

"Hebu," alisema mganga mkuu, amejishika kichwa, na mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. "Miaka tisa nimekalia kiti hiki. Kosa nimeona likitupwa, nimeona likizikwa. Kugombaniwa sijaona."

"Na dakika za ukutani aliziomba nani?" aliuliza Mama Stoo, kwa upole mkubwa.

Mganga mkuu akaacha kucheka. Muuguzi mkuu akatazama dari. Kisha mganga mkuu akaichukua ile barua, akaiweka kwenye droo. Hakuichana, hakuwa mtu wa maonyesho. "Miezi mitatu," alimwambia Bi Subiri. "Kila Ijumaa uniletee taarifa, na hiyo ya mfagizi uisome mpaka chini. Zikipita salama, tutaandika mkataba mpya, na huo hautakuwa wa mfumo. Utakuwa wako."

Walitoka pamoja mpaka stoo. Bi Subiri alitaka kulia na alitaka kumkumbatia mwanamke yule, na kwa kuwa hakuwahi kufanya hata moja mbele yake, alishika tu mlango apite.

"Ati ulitaka kunifurahisha," alisema Mama Stoo, anavua koti.

"Ndiyo, mama."

"Kwa ukurasa ule?" Alitundika koti, akalinyoosha bega. "Mwanangu, ukurasa ule nimeuchukia toka siku ya kwanza. Miaka mitano naogopa hata kwenda choo, umeme usije ukazimika nikapoteza siku nzima. Niliposikia kompyuta inakuja nilishukuru, nikasema sasa nitapumzika na ile adha ya jioni. Ukaniletea adha ileile, na waya juu yake."

"Lakini nilikuuliza, mama."

"Uliniuliza daftari linafungwaje. Hukuniuliza kama nalipenda."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na wiki tatu nyumbani kwangu. Ulikuwa unaogopa hata kuomba chumvi mezani. Ukaja na skrini yako umeishika kama sinia la wageni, macho yanawaka." Mama Stoo akageukia rafu, akanyoosha boksi lililokuwa limenyooka. "Nikasema, nisimvunje moyo mtoto wa watu."

Bi Subiri aliwafikiria watu wote wa wiki tano zile, benchi mpaka mlango wa choo, na yule mama na mtoto wake begani, wote wamesubirishwa na adabu ya wanawake wawili. Aliona aibu, kisha akaona kitu kingine kinampanda kifuani, chepesi, ambacho hakuwahi kukiona ndani ya nyumba ile.

"Mama," alisema, "kuna kingine ambacho hukukipenda?"

"Vipo."

"Vingi?"

Mama Stoo akasogeza boksi moja kwa mguu mpaka karibu na lile alilolikalia jana.

"Kaa chini," alisema.